Kongwa: namna ya kuja kutembea, na ukinogewa namna ya kubaki

Watu wengi Kongwa, huku mkoa wa Dodoma, wanaijua kwa jina la kwenye kibao tu pale njia panda ya Mbande, basi linapita kwenda Dodoma au kurudi Dar, mtu anachungulia dirishani anaona vumbi na mibuyu, analala tena. Mimi nilishuka pale mwaka 2017 kwa kazi ya kuchora mabango, ilikuwa iwe ya wiki mbili, na mpaka leo nipo. Kwa hiyo haya ninayoandika ni yale niliyoyajua kwa kuchelewa, nayaandika kwa anayetaka kuja wikiendi moja na pia kwa yule anayewaza kuhamia kabisa, hasa msanii au fundi ambaye kodi ya mji mkubwa imemchosha.

Kwanza ujue ni mji wa namna gani, maana usipojua utapita juu ya sakafu ya zege katikati ya majani ukadhani ni kibanda cha mtu kilianguka.

Kongwa palikuwa na Wagogo na mifugo yao, na misheni ya Anglikana, alafu mwaka 1947 Waingereza wakaja na mradi wa karanga. Vita ya pili ilikuwa imeisha, kwao mafuta ya kula yalikuwa ya mgao, kampuni ya United Africa Company iliyokuwa chini ya Unilever ikaishawishi serikali ya London kwamba huku kuna pori linaweza kutoa mafuta ya kuwatosha. Wakapiga hesabu ya ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa Tanganyika, na pa kuanzia pakawa Kongwa. Mwaka wa kwanza walipanga kulima ekari 150,000, wakaishia kupanda kama 7,500 hivi. Walikosa matrekta mpaka wakageuza vifaru vya vita aina ya Sherman kuwa mashine za kusafisha pori. Mibuyu ikawasumbua, nyuki wakawasumbua, ila kilichowashinda kabisa ni udongo na mvua. Udongo wa hapa ukiloa unalimika vizuri tu, mvua ikikata unakauka unakuwa kama tofali la kuchoma, na karanga si ziko humo chini, sasa unazing'oaje? Januari 1951 mradi ukafungwa, hasara pauni milioni 36.

Mashine zikaondoka. Reli ya tawi iliyoingia toka Msagali haipo tena, shule ya watoto wa Kizungu ikahamishiwa Iringa, sehemu ya ardhi iliyosafishwa wakaletwa ng'ombe, ndo ranchi ya Kongwa ambayo ipo mpaka leo chini ya NARCO, kampuni ya taifa ya ranchi. Alafu kuanzia 1964 mji ukapokea wageni wengine, wapigania uhuru. FRELIMO ya Msumbiji walikuwa na kambi hapa, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe, MPLA ya Angola. Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa Msumbiji, amekaa Kongwa, Chris Hani wa ANC amekaa Kongwa, na wale wapiganaji wa SWAPO waliopigana pambano la kwanza la vita ya uhuru wa Namibia kule Omugulugwombashe mwaka 1966 walianzia safari yao hapa. Nao wakaondoka.

Waliobaki ni wale wale waliokuwepo, na mtama wao na uwele wao na karanga zao za jembe la mkono, na ngoma zao. Mimi ndo kinachonishika hiki. Ukija Kongwa kuangalia magofu utamaliza kwa nusu siku, ukija kwa ajili ya watu na vitu wanavyotengeneza kwa mikono na kwa sauti zao, wiki haitoshi.

KUFIKA

Toka Dar panda basi la Dodoma, au la Singida au Mwanza linalopita njia hiyo, na umwambie konda mapema kabisa kwamba unashuka Mbande. Mkumbushe tena mkishapita Kibaigwa, maana kutoka hapo sio mbali na basi likishakolea mwendo dereva hapendi kusimama. Mbande utapata Noah au bodaboda za kuingia Kongwa mjini. Njia nyingine ni treni ya SGR ambayo ilianza kubeba abiria Dar mpaka Dodoma mwaka 2024, unashuka Dodoma unaenda stendi kuu ya Nanenane unachukua gari la Kongwa, kilomita 80 na ushee kurudi nyuma. Ukiwa na mizigo ya kuhamia usihangaike na treni, njoo na fuso au tafuta lori linalokuja kuchukua mahindi Kibaigwa, hayo yanakuja matupu na dereva ukiongea nae vizuri mnaelewana bei.

Mwezi wa kuja ni kuanzia wa sita mpaka wa nane. Huku mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na wakati wa mvua kila mtu yupo shamba, ata ukimtaka mpiga zeze utaambiwa kaenda kupalilia. Baada ya mavuno watu wana chakula ndani na wana muda, ndo ngoma zinapochezwa. Ila beba sweta, usiseme Dodoma ni joto, usiku wa mwezi wa saba na upepo wa Kongwa utalitafuta hilo sweta.

Gesti zipo za kutosha, za kawaida, safi. Uliza mambo mawili kabla hujalipa, maji yanatoka bombani au ni ya ndoo, na dirisha la chumba linaangalia upande gani, kama ni upande unaotoka upepo basi utalala na vumbi mdomoni.

SIKU YA KWANZA

Salimia. Nasema kwa uzito kabisa, mgeni akipita kwenye kundi la wazee chini ya mti kimya kimya na kamera shingoni ameshaharibu siku yake nzima bila kujua. Wazee wape shikamoo yao, alafu ukitaka kufungua mlango kabisa tia Kigogo, "mbukwa" kwa mtu mmoja, "mbukwenyi" wakiwa wengi. Watacheka kwa furaha, watakujibu, watakuuliza unatoka kwa nani. Jibu kwa ukweli, "nimekuja kutembea, natamani kusikia zeze" inatosha, usijifanye mtafiti wala mtu wa mradi, maana watu wa miradi wamepita wengi huku na kila mradi ukitajwa watu wanakaa mkao wa kusubiri posho.

Ukitaka kuona sehemu za wapigania uhuru na mabaki ya enzi za karanga anzia ofisi ya halmashauri, uliza afisa utamaduni. Usiende kichwa kichwa, maana maeneo mengine watu wanaishi au yanatumika, na pia pana makaburi ya wapiganaji waliofia hapa, vijana waliotoka mbali sana wakazikwa kwenye vumbi letu. Pale usipande juu ya kaburi kupiga picha. Nenda na mtu mzima wa mji akuelezee, wapo ambao walikuwa watoto miaka hiyo na wanakumbuka wapiganaji wakija kununua maziwa au kucheza nao mpira, na hayo ukisikia kwa mdomo wa mtu aliyekuwepo ni tofauti kabisa na kusoma kibao. Mlipe huyo mzee muda wake, usimwachie soda.

KULA, NA NAMNA YA KUCHAGUA KARANGA

Kula mlenda, ile mboga ya majani inayoteleza. Najua kuna watu wanauogopa, ila mlenda wa huku uliokaushwa ukasagwa, ukapikwa na karanga za kutwanga, ukaletwa na ugali wa uwele bado unafuka, hicho ni chakula cha kukaa nacho mpaka jioni. Maziwa mgando utapata kirahisi, nyama ya mbuzi pia. Ubuyu wa kumumunya unauzwa kila kona, na huu ni wa mti wa pale pale unaouona.

Karanga nunua, si ndo mji wenyewe, ila nunua kwa akili. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu waliugua na wengine wakafa kwa sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye mahindi na karanga, kwa hiyo hili silisemi kama mapambo. Chukua konzi moja weka kiganjani uangalie moja moja. Unataka punje iliyojaa, ngozi yake imebana, rangi moja. Iliyosinyaa, yenye doa jeusi au vumbi la kijani, iliyovunjika, weka pembeni, na kama kwenye konzi moja umetoa nyingi basi gunia zima liache. Tafuna moja mbichi, ikiwa chungu tema, hiyo ukikaanga ata kwa chumvi nyingi sumu haitoki. Mama anayezianika juu ya turubai ni bora kuliko yule anayeanika chini kwenye udongo, muulize tu "mama umeanikia wapi", anayejali atakuonyesha.

NGOMA

Hapa nitakaa kidogo.

Muziki wa Wagogo unajulikana duniani kuliko tunavyojua wenyewe. Mzee Hukwe Zawose alizaliwa kijiji cha Doda hapa hapa Dodoma, Mwalimu Nyerere akamchukua Dar miaka ya 60, akafundisha Bagamoyo, akazunguka nchi nyingi na zeze na marimba, hizi za kubofya njiti kwa vidole gumba, mpaka alipofariki 2003. Chamwino, njiani tu ukielekea Dodoma mjini, pana kituo cha sanaa na tamasha la muziki wa Wagogo ambapo vikundi vya vijiji vingi vinakutana, ukiweza kupanga safari yako iguse siku hizo panga. Ila mimi nashauri pia usikie ngoma kijijini kwake, siku ya kawaida, bila jukwaa.

Utakachokuta cha kwanza labda ni muheme, ngoma ya akina mama. Mama anaibana ngoma katikati ya mapaja, anapiga kwa viganja viwili huku anatembea, wapo wengi kila mmoja na sauti ya ngoma yake, na mabega yanatikisika shanga zinalia. Ukisimama karibu unaisikia kwenye mbavu. Alafu kuna kuimba, msunyunho na nindo, sauti zinapandana, huyu anaanzisha huyu anadaka yule yuko juu kabisa, na hakuna aliyekaa akawapangia nani aimbe wapi, wamekua nazo. Mara ya kwanza kusikia nindo nilikuwa nashikilia brashi na kopo la rangi nyekundu, nikasimama mpaka rangi ikaanza kuganda.

Namna ya kuandaa. Usiende kwa kiongozi wa kijiji ukasema "nataka ngoma kesho". Tafuta mwenye kikundi, kila kijiji chenye ngoma watu wanamjua, nenda nyumbani kwake siku tatu nne kabla, kaa, ongea, mkubaliane siku, muda, watu wangapi, na hela. Hela itajwe mwanzoni na ilipwe mbele ya wote kwa yule anayeshika daftari la kikundi, mara nyingi ni mama mmoja makini. Wakisema wanahitaji mafuta ya pikipiki kuwaleta wazee wawili wa kitongoji cha mbali wape, bila hao wazee wimbo unakosa mguu. Na ukishalipa usianze kuwaambia wafupishe, wimbo mmoja wa Kigogo unachukua muda kupata moto, dakika tano za mwanzo ni watu wanatafutana tu.

Kamera uliza kwanza, na sio kuuliza "naweza kupiga picha" huku umeshainua simu. Na hili tafadhali, video waletee. Kuna kundi la wageni walikuja wakarekodi mchana mzima, wakatoa kreti mbili za soda wakaondoka, na baada ya kama miezi miwili mama mmoja akaniuliza mimi, "baba, hivi ile picha yetu haijarudi?" Sikuwa na jibu na iliniuma sana. Watu wengi vijijini wana mtoto au mjukuu mwenye simu, unamtumia huyo, au unaweka kwenye memori kadi unampa mwenye kikundi, haikugharimu chochote na siku ukirudi utapokelewa kama ndugu.

Mambo ya jando ambayo nayo yanafanyika kiangazi usiyafuate kabisa kama hujaalikwa na mwenye mtoto. Ukisikia ngoma usiku upande wa porini, kaa ulipo.

Ukitaka kununua zeze au marimba usinunue la barabarani lililopakwa vanishi. Agiza kwa fundi. Mzee anayenitengenezea mimi anaanza na kibuyu, anakigonga kwa kucha anasikiliza, anakataa vitatu anachukua cha nne, anakikata mdomo anawamba ngozi, mti wa shingo anauchonga kwa kisu kidogo kilicholika mpaka kimebaki nusu, nyuzi anachambua toka kwenye waya wa breki ya baiskeli. Marimba ndo kazi zaidi, zile njiti anafua misumari moja moja mpaka inalala bapa, na kwenye tundu la sanduku anabandika utando mweupe wa buibui, ule wa kufunikia mayai, ndo unaotoa ile sauti ya kuwasha kama nyuki. Watu wananunua marimba wanaona utando wanafuta wakidhani ni uchafu! Usifute. Ukipasuka mrudishie fundi au tafuta utando mwingine kwenye pembe za nyumba ya zamani ubandike.

Mpe fundi wiki mbili, mpe nusu ya hela, na usimpigie kila siku. Na ukae nae akufundishe ata wimbo mmoja, chombo kinachoning'inia ukutani kinakauka kinapasuka.

UKITAKA KUBAKI

Sasa wewe uliyenogewa. Kaa kwanza gesti mwezi mzima, ikiwezekana mwezi wa tisa au wa kumi, sio wa saba. Mwezi wa saba Kongwa inapendeza, mavuno yameingia, ngoma zinalia. Mwezi wa kumi jua kali, upepo wa vumbi, majani hakuna, ng'ombe wamekonda, maji ya shida. Ukiipenda mwezi wa kumi basi umeipenda kweli.

Nyumba tafuta kwa miguu na kwa kuuliza, kodi ni nafuu mno ukilinganisha na Dar na ata Dodoma mjini, ila usilipe miezi sita kabla hujalala karibu. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa nzuri, vyumba vitatu, veranda, mwenye nyumba akafungua bomba mbele yangu maji yakatoka kwa nguvu nikalipa hapo hapo. Kumbe siku ile ndo ilikuwa ya mgao. Yalikuja kutoka tena baada ya siku nyingi sana, na mimi nilikuwa nimeshazoea kuamka saa kumi alfajiri kupanga madumu. Kwa hiyo waulize majirani wawili tofauti, sio mwenye nyumba, "maji hapa yanakuja siku zipi?" Alafu nunua simtanki kabla ya kitanda, lita 1,000 au zaidi, na kama bati la nyumba ni zima weka mfereji wa kukinga maji ya mvua, msimu ni mfupi ila mvua ikija inakuja kweli.

Dirisha la chumba cha kazi liwe upande uliojificha na upepo. Kwa sisi wa rangi hili ni maisha, nimeshaharibu bango zima la duka, limelowa bado, upepo ukageuka dakika moja likawa kama msasa. Sasa hivi napaka alfajiri mpaka saa nne, mchana nachonga na kukata mbao, jioni kukitulia narudia rangi.

Macho. Kongwa watafiti wa trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kupofusha, wamefanya kazi tangu miaka ya 80 kwasababu ugonjwa ulikuwa mwingi sana, vumbi, inzi wa ng'ombe, na maji ya kunawa kuwa haba. Hali imekuwa nzuri kuliko zamani ila tabia ya kunawa uso usiiache, watoto wako wanawe uso asubuhi na jioni ata kama maji ni kikombe kimoja, taulo kila mtu na lake, na jicho likiwasha siku mbili nenda hospitali usisubiri.

Kazi. Usije kutegemea mji ukulipe kwa sanaa peke yake, mji wenyewe ni mdogo. Mimi bajeti yangu inasimama kwa miguu mitatu. Mabango na maandishi ya maduka, malori na mashule hapa na Kibaigwa, kule Kibaigwa kwenye soko kubwa la mahindi msimu wa mavuno kazi hazikatiki, kila mwenye stoo anataka jina lake lionekane. Pili oda za Dodoma, tangu serikali ihamie na mji wa serikali ukajengwa Mtumba, ambao uko upande wetu huu wa Dodoma, ofisi na mahoteli yanataka picha, vinyago, vigoda, vyungu, na mimi nachukua vya akina mama wa vijijini nawapelekea kwa bei tuliyokubaliana nao, wanajua nauza shilingi ngapi maana nawaonyesha risiti. Tatu kazi za kutuma kwa intaneti, mtandao wa simu unashika vizuri mjini, vijijini unatafuta kilima.

Shamba usikimbilie kununua. Kodi ekari moja kwanza, lima na jirani, mtama au uwele au alizeti, uone mwenyewe mvua ya hapa inavyokata wakati mmea ndo unataka kubeba. Ukisikia mtu anakuambia ardhi hii ukileta trekta utakuwa tajiri, mwambie akupeleke kwanza kwa wazee. Na ukinunua pitia kijiji, mkutano, mihutasari, mashahidi wa mipaka, sio karatasi ya watu wawili chini ya mbuyu.

Majirani sasa, na hapa ndo wengi wanaohamia wanaondoka baada ya mwaka. Wiki ya kwanza nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au kitongoji ujitambulishe, na kwa balozi wako wa nyumba kumi. Msiba ukitokea nenda, ata kama humjui marehemu, na usiende kukaa tu kwenye kiti cha plastiki na simu, ulizia maji yanachotwa wapi, kuni zinakatwa wapi, shika panga. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa "yule mchoraji wa Dar", ila kuna msiba mmoja nikaandika msalaba, jina na tarehe, kwa rangi nyeusi, nikaupeleka bila kuombwa na bila kuchukua hela, na kuanzia pale mama mwenye nyumba ya jirani akaanza kuniita "mwanangu" na mlenda ukawa unakuja kwenye bakuli lililofunikwa sahani. Misalaba yote ya mtaa wetu sasa naandika mimi, huwa nakaa chini nauliza herufi za jina vizuri, maana hilo jina litasomwa muda mrefu.

Kanisani kama ni mtu wa kusali sikiliza kwaya, zipo zinazoimba sauti za Kigogo kabisa na kayamba na zeze ndani ya ibada, na mji una chuo cha theolojia cha Mtakatifu Philip ambacho ni cha siku nyingi. Waislamu wapo pia, na sikukuu zote watu wanapelekeana sahani bila kuulizana.

Na kama una ujuzi, fundisha. Sio semina, wala usichapishe fulana. Vijana wawili wanakuja kwangu jumamosi, nawafundisha kupima herufi kwa uzi na chaki kabla ya kugusa rangi, mmoja babu yake ni mpiga zeze na alikuwa anaona aibu kulishika mbele ya wenzake. Nilimwomba alichore tu. Alikaa na lile zeze la babu siku nzima akihesabu nyuzi, akapapasa shingo lilipolika kwa kidole gumba, na wiki iliyofuata akaja nalo begani.

KUONDOKA NA ZEZE

Mwisho kwa wanaorudi kwao na chombo. Zeze usilitie kwenye buti la basi, joto la mule na mabegi ya watu kibuyu hakifiki Morogoro. Legeza nyuzi kidogo, viringisha kwenye kanga mbili, kibuyu kiangalie juu, na upakate mwenyewe mapajani safari nzima. Marimba weka tundu upande wa ndani karibu na tumbo lako ili utando usiguswe. Konda akikuuliza ni nini, mpigie kidogo, hapo Mbande mnasubiri abiria mna muda.